Tapu isiyotumia stima: vile inavyosikiza waya wa netiweki, na pale inaposhindwa

Ukifanya kazi ya netiweki hapa Lamu utazoeana na waya mapema sana, manake nyumba za mji wa kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na waifai ikishapita ukuta mmoja imechoka, ukuta wa pili hupati kitu. Kwa hio gesti nyingi za Mkomani na Shela zimevutwa waya wa Etheneti chumba hadi chumba, unapanda darini, unapita kwenye wikio, kile kidaraja cha juu kinachovuka njia, kuingia nyumba ya pili, na huko juu unakutana na jua na upepo wa chumvi mwaka mzima. Sasa siku intaneti inapokuwa nzito kila mtu ana maneno yake, mwenye nyumba asema ni wageni wanatazama video, wageni wasema ni ruta, kampuni ya intaneti yasema kwao kuko sawa. Mimi naamini maneno ya waya wenyewe kuliko maneno ya hao wote, na kifaa cha kuuskiza waya bila kuuingilia ndo nataka kukieleza hapa, kinaitwa tapu.

Kwanza tuelewane kwa nini yahitajika kifaa. Wengi wanafikiria ukichomeka laptopu kwenye poti, yaani tundu la waya, yoyote ya swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za netiweki, na ukafungua Wireshark, programu ya kutazama trafiki, utaona mambo yote yanayopita. Huoni. Data husafiri vipande vipande viitwavyo pakiti, na swichi yasoma anwani ya MAC ya kila pakiti, yaani namba ya kadi ya mashine, yajua mashine fulani iko poti gani, na yaipeleka huko tu, wewe uliye poti ya saba waambulia yale matangazo yanayotumwa kwa wote na trafiki yako mwenyewe. Enzi za habu, kisanduku cha kabla ya swichi, ilikuwa rahisi, kilichoingia poti moja kilitoka poti zote, ukikaa popote wasikia kila kitu, lakini habu yalazimisha mashine zipokezane kusema, mwendo unashuka, na siku hizi hata kuipata dukani ni shida.

Njia inayokimbiliwa sana ni kuiambia swichi inakili trafiki ya poti moja na kuituma poti nyengine, ambako umechomeka laptopu yako. Kwa kazi nyingi hio inatosha na mimi huitumia, kama swichi yenyewe ina huo uwezo, kwa sababu zile za bei rahisi hazina. Ila kuna mambo mawili lazima uyajue kabla hujaamini unachokiona. La kwanza ni hesabu tu: waya wa megabiti 100 unabeba 100 kwenda na 100 kurudi kwa wakati mmoja, jumla 200, na wewe wataka zote ziingie kwenye poti moja inayotoa 100. Trafiki ikizidi hapo swichi inatupa pakiti kimya kimya, na nakala zako ndo za kwanza kutupwa. La pili ni baya zaidi kwa sisi wa pwani. Pakiti ikifika imeharibika njiani, yaani ile hesabu ya ukaguzi iliyo mwisho wake haikubaliani na yaliyomo, swichi inaitupa hapo hapo mlangoni na haikunakilii. Kwa hio waya mbovu, kichwa cha RJ45, kile cha plastiki cha mwisho wa waya, kilicholiwa na chumvi, vyote hivo ukitazama kwenye nakala ya swichi unaona netiweki safi kabisa ila nzito, na hujui kwa nini.

Tapu haipiti kwa swichi hata kidogo. Aina ninayoisema hapa haina chipu, haina programu, haina anwani, haichomekwi stima. Ni nyaya na soketi nne za RJ45 ndani ya kijisanduku, basi. Wakata njia ya waya unaotaka kuujua, upande mmoja unaingia soketi A, upande wa pili soketi B, na ndani A na B zimeunganishwa moja kwa moja kama kwamba hapakukatwa. Soketi C na D ndo za kusikizia.

Hapa ndipo pazuri, naomba twende polepole. Waya wa Etheneti una nyuzi nane zilizosokotwa jozi nne, machungwa, kijani, bluu na kahawia. Kwa mwendo wa megabiti 10 na 100 jozi mbili tu zinafanya kazi: pini 1 na 2, ambazo kwa mpangilio tunaoukrimpi, yaani kuubana kichwani, wengi wetu ni za machungwa, na pini 3 na 6, za kijani. Jozi moja inabeba maneno ya kwenda, nyengine ya kurudi, hazichanganyiki kamwe. Kadi ya netiweki ya laptopu nayo kwa kawaida inasemea pini 1 na 2 na inasikizia 3 na 6. Sasa mtengenezaji wa tapu anachukua jozi ya machungwa ya njia kuu anaitoa tawi kwenda pini 3 na 6 za soketi C, na jozi ya kijani anaitoa tawi kwenda pini 3 na 6 za soketi D. Pini 1 na 2 za C na D, yaani zile ambazo laptopu ingezitumia kusema, haziunganishwi na chochote. Matokeo yake ni kwamba laptopu ikibaki kusemea pini 1 na 2 yasikia lakini haina njia ya kujibu, hakuna uzi wa kupitishia neno (kadi zinazobadilisha jozi zenyewe nitazitaja mwishoni). Mimi hili ndo linanifanya niipende: kwamba haiingilii hukuambiwa na mtu wala hakukuandikwa kwenye mpangilio, kumo ndani ya shaba yenyewe, ukiifungua unakuona kwa macho.

Iliyo mashuhuri ni Throwing Star LAN Tap ya Michael Ossmann wa Great Scott Gadgets, kibati kidogo chenye ncha nne, na michoro yake iko wazi, fundi mwenye mkono wa kuchomelea anaweza kujitengenezea. Ukijitengenezea weka nyuzi za tawi fupi kadiri uwezavyo na usifumue msokoto wa jozi zaidi ya sentimita moja hivi, manake kila sehemu iliyofumuliwa inaokota kelele.

Pia kuna kitu watu wanakiruka. Wanasema tapu hii haina athari yoyote kwa netiweki. Athari iko. Waya umepangwa kukutana na kipokezi kimoja chenye ukinzani wa omu 100, na ukishaweka laptopu kwenye tawi sasa viko vipokezi viwili sambamba, netiweki inaviona kama omu 50, kwa hio volti zinazofika zinashuka hadi kama theluthi mbili ya zilivyokuwa na sehemu ya ishara inarudi nyuma kama mwangwi. Kwenye waya wa mita 10 au 20 hakuna atakayejua. Kwenye waya unaokaribia kikomo cha mita 100, na uwe umezeeka, usishangae kiungo kikianza kukatika kwa sababu ya tapu yako, na hapo ukaenda kumlaumu mtu asiye na kosa.

Sasa tuje kwenye gigabiti, kwa sababu hapa ndo mafundi wengi wanakwama. Kiwango cha megabiti 100 kilitoka 1995, cha gigabiti juu ya waya wa shaba kikaja 1999, na waliokitengeneza hawakuongeza kasi tu, walibadilisha namna ya kuongea. Gigabiti inatumia jozi zote nne, kila jozi megabiti 250, na kila jozi inabeba pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ni kama watu wawili wanaosemeana kwa pamoja bila kupokezana: kila mmoja anajua alichokitamka yeye, anakiondoa kwenye sauti anayoisikia, kinachobaki ndo maneno ya mwenzake. Wewe uliye katikati hujui alichokitamka huyu wala yule, wasikia mchanganyiko wa sauti mbili juu ya kila jozi na huna cha kuondoa. Kwa hio tawi la nyaya tupu haliwezi kusoma gigabiti ya shaba, na si suala la ufundi mbaya au kifaa cha bei rahisi, habari yenyewe haipatikani hapo katikati kwa njia hio.

Dawa aliyotumia Ossmann ni kapasita mbili ndogo, moja juu ya jozi ya bluu na moja juu ya kahawia, zinazozizima ishara za gigabiti kwenye jozi hizo. Mashine mbili zinajaribu gigabiti, haziwezi kuelewana, zinashuka hadi 100 ambayo yahitaji machungwa na kijani tu, na tapu inasikia. Yaani unalipa kwa mwendo. Kwenye gesti ambayo laini yake ya nje ni megabiti 20 au 30 hulipi kitu cha maana, kwenye ofisi yenye seva ya mafaili watu wataanza kupiga kelele asubuhi hio hio. Na hapa pana faida kwa anayejilinda: kiungo chako kilichokuwa kinasema gigabiti kikianza ghafla kusema 100, panda ukaangalie waya. Mara nyingi utakuta uzi wa bluu umekatika au panya amepita, lakini pia yaweza kuwa mtu ameweka kitu.

Ukitaka gigabiti ya shaba kamili ni tapu yenye stima. Hio inaongea na kila upande kama yeye ndo mwenzake, inapokea, inanakili, inatuma mbele. Zilizo nzuri zina swichi ndogo za sumaku ndani ambazo stima ikipotea zinajifunga na kuunganisha pande mbili moja kwa moja, lakini mashine mbili inabidi zianze kuelewana upya, na kiungo kinakatika sekunde chache. Kwa huku kwetu ambako stima yaweza kupotea wakati wowote, tapu ya namna hio bila betri ya akiba ni kujitafutia matatizo.

Faiba ni hadithi nyengine na ni nyepesi kuliko shaba. Kwenye faiba za kawaida za nyuzi mbili kila uzi una mwelekeo wake, kwa hio kipande cha kioo kinachogawa mwanga kinatosha, hakina stima, hakijali kama ni gigabiti moja au kumi. Kigawio cha nusu kwa nusu kinapunguza mwanga kama desibeli 3 na kidogo kila upande, cha 70 kwa 30 kinaiachia netiweki sehemu kubwa na wewe unasikiza kwa iliyobaki. La kuangalia ni bajeti ya mwanga tu, yaani mwanga unaobaki utoshe kipokezi.

Sasa mfano wa kazi. Gesti moja ya Mkomani ni nyumba mbili zilizounganishwa na wikio, ruta na swichi ziko nyumba ya kwanza, waya unapita juu ya wikio hadi akses pointi ya nyumba ya pili, kifaa cha kutoa waifai, cha zamani cha megabiti 100 chenye adapta yake ya stima. Wageni wa nyumba ya pili walikuwa wanalalamika kila jioni, wa nyumba ya kwanza hawana neno. Nikiwa nafungua laptopu mama mwenye nyumba akaja akasimama karibu yangu.

"Mwanangu, hicho kidude chasoma simu za wageni wangu?"

"La mama, maneno yao yamefungwa, siyaoni. Lakini naweza kuona wanakwenda mitandao gani, kwa hio nataka ruhusa yako na uwaambie kwamba kuna fundi anaangalia netiweki."

Alikuwa na haki ya kuuliza na jibu langu ni kweli, nitarudi hapo. Nilianza kwa kuijaribu tapu kwenye waya mfupi mzima niliokuja nao, kuhakikisha yenyewe haileti makosa. Afu nikaiweka karibu na swichi, C na D zikaingia kwenye kadi mbili, ya laptopu na adapta ya USB, kwa sababu kila mwelekeo una soketi yake na kadi moja haiwezi kusikia zote mbili. Kwenye Linux ukiandika ethtool -S na jina la kadi utaona kaunta za makosa, jina la kaunta hutofautiana kwa kila kadi lakini tafuta lenye crc, ndo ile hesabu ya ukaguzi. Kaunta ya D ilikuwa imetulia. Ya C ilikuwa inapanda huku naitazama.

Hapa usikimbilie kusema jozi ya machungwa ni mbovu na ya kijani ni nzima. Fikiria tapu iko wapi. Iko karibu na swichi, kwa hio pakiti zitokazo kwa swichi zinapita kwenye tapu zikiwa mpya, hazijasafiri, lazima zionekane safi hata kama zitakufa darini mita 30 mbele. Zitokazo kwa akses pointi ndo zimeshapita waya wote kabla ya kunifikia. Tapu inakwambia makosa ya safari iliyokwisha kupitiwa tu. Kwa hio nikaihamisha hadi mwisho wa pili, karibu na akses pointi, na pale pakiti za swichi zilikuwa zimesafiri waya wote na bado ziko safi. Sasa ndo waweza kusema: kijani mzima, machungwa ana tatizo. Na tapu haijali nani anasemea jozi gani, kadi za siku hizi zinabadilishana zenyewe, lakini C ni machungwa siku zote.

Tukapanda darini. Pale waya mbili zilipoungwa, nje, chini ya paa la makuti, kiungio kilikuwa hakina hata mfuko wa nailoni, na ndani yake pini ya 1 na ya 2 zimeota kutu ya kijani, zilizobaki zina rangi yake ya dhahabu. Tukakata pande mbili, tukakrimpi vichwa vipya, tukaweka kwenye kisanduku cha kuzuia maji na mdomo ukitazama chini. Kaunta ikasimama. Ingekuwa swichi ya bei kubwa ingenionyesha kaunta yake bila tapu, hilo nakubali, lakini ile ilikuwa ya poti nane isiyo na ukurasa wa kuingia, na zile ndo zimejaa mji mzima.

Kuhusu kile kinachoonekana. Tovuti nyingi leo zinafunga mazungumzo kwa HTTPS, kwa hio nywila, ujumbe wa WhatsApp, picha, hivo huvisomi kwa tapu. Unachokiona ni anwani za IP, saa, ukubwa wa trafiki, na mara nyingi jina la tovuti, ama kwa swali la DNS, yaani la kugeuza jina kuwa anwani, lililotumwa wazi au kwa salamu ya mwanzo kabla mazungumzo hayajafungwa. Si kidogo. Kwa majina na saa peke yake waweza kukisia mgeni anaumwa nini, anasali wapi, anaongea na benki gani. Ndo maana nasisitiza ruhusa, na si adabu tu: Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 31 inalinda faragha ya mawasiliano, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inafanya kunasa mawasiliano bila idhini kuwa jinai, na ya kulinda data ya 2019 inakuhusu punde unapohifadhi. Netiweki iwe yako au uwe na idhini ya mwenyewe, na wanaoitumia waambiwe. Bila hivo usiiguse.

Mambo madogo ya kazi ambayo yatakuokoa. Kadi inayosikiza haiwezi kujibu, kwa hio haitaelewana mwendo na mtu, iwekee mwenyewe 100 na uzime maelewano ya kujiendesha, na kama kadi yako inakubali zima pia ile tabia ya kubadilishana jozi, isije ikajaribu kusemea jozi unayoisikiza. Usiweke tapu ya kujitengenezea kwenye waya unaobeba stima ya kamera, PoE nyengine inapita jozi za bluu na kahawia, na kama tapu yako haikuzipitisha kamera itazima. Wireshark yaweza kurekodi kadi mbili kwa pamoja, au ukirekodi kila moja kwa tcpdump, programu ya kurekodi pakiti, ziunganishe baadaye kwa mergecap ambayo inapanga kwa saa, ila adapta ya USB ina ucheleweshaji wake, utaona jibu limefika kabla ya swali, usihangaike nalo. Pakiti zilizoharibika kadi inazihesabu afu inazitupa, ukitaka kuziona zenyewe jaribu ethtool -K na rx-all on, si kadi zote zinakubali.

Na nafasi ya diski ihesabu kabla. Megabiti 100 ikijaa ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, gigabaiti 45 kwa saa kwa mwelekeo mmoja, 90 kwa miwili. Kwa kutafuta waya mbovu au mashine inayokula laini huhitaji yaliyomo, mwambie tcpdump achukue baiti 96 za mwanzo za kila pakiti kwa -s 96, utapata anwani, bandari na namba za mpangilio, faili linakuwa dogo mara nyingi, na majina ya tovuti yaliyomo kwenye ile salamu ya mwanzo yanakatwa humo humo, ila ya maswali ya DNS mengi yanabaki. Kazi ikiisha faili lifutwe mbele ya mwenye nyumba.